Katakana: nusu ya njia umeshaitembea

Mara moja moja kituoni hupita Haisi ambayo mwenyewe hakujisumbua kuipaka rangi upya tangu itoke bandarini. Ubavuni bado imebeba maandishi ya tajiri wake wa kwanza huko Japani, nasi abiria huyatazama kama maua ya kitenge: yapo tu. (Nimesema kitenge, si kanga. Kanga ina jina lake na mtu husoma.) Gari lenyewe likiwashwa huongea. Sauti ya mwanamke mstaarabu hutoka kwenye dashibodi na kusema kitu kama "iitiishii kaado ga soonyuu sarete imasen", dereva anaizima kwa mazoea, safari inaanza. Mama huyo analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Na lile neno "kaado" alilolitaja ni kadi, hii hii kadi yetu.

Maandishi ya Kijapani si kitu kimoja, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa kabla ya kuanza. Mjapani huandika kwa mifumo mitatu kwa wakati mmoja, tena ndani ya sentensi moja. Chukua 私はバスで行きます, yaani "mimi nitaenda kwa basi". Alama nzito zenye mistari mingi, 私 na 行, ni kanji, zilizotoka China, na kila moja hubeba maana. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina alama 2,136. Zile laini zilizojikunja, は, で na きます, ni hiragana, gundi ya sarufi inayounganisha maneno. Katikati kuna バス, mistari michache iliyonyooka na kona kali. Hiyo ndiyo katakana, na inasomeka "basu". Kazi yake kubwa ni kuandika maneno yaliyotoka nje, majina ya wageni na miji ya kigeni, milio ya vitu, mara nyingi majina ya wanyama na mimea, na neno lolote ambalo mwandishi anataka limrukie msomaji machoni.

Kwa hiyo mtu asiyejua Kijapani hata kidogo, akiijua katakana peke yake, tayari anaweza kusoma sehemu kubwa ya menyu ya mgahawa, vibandiko vya dukani na karatasi za gari. Anasoma na anaelewa, kwa sababu maneno yenyewe anayajua.

Alama zilizaliwa karne ya 9. Watawa wa Kibudha walikuwa wakisoma vitabu vya Kichina na walihitaji kuandika matamshi pembeni, upesi, kwenye nafasi finyu. Hawakuwa na muda wa kuchora kanji nzima, wakamega kipande. Neno "kata" katika katakana linabeba maana hiyo hiyo ya kipande, kitu kisicho kamili. Kutoka 伊 walichukua upande wa kushoto, ikawa イ, "i". Kutoka 加 vilevile, ikawa カ, "ka". Kutoka 江 wakachukua upande wa kulia, ikawa エ, "e", na kutoka 多 wakachukua nusu ya juu, ikawa タ, "ta". Ndiyo maana herufi hizi zina sura ya vijiti vilivyovunjwa. Baadaye zilipanda cheo: katiba ya Japani ya mwaka 1889 iliandikwa kwa kanji na katakana, na hata telegramu zilitumwa kwa katakana. Ni baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo hiragana ilipochukua nafasi hiyo, na katakana ikabaki na wageni.

Sasa tuje kwenye kujifunza. Wewe uliyepita darasa la kwanza la Kiswahili una jambo moja ambalo mwanafunzi wa Kiingereza hana. Unakumbuka mwalimu akigonga ubao kwa fimbo, darasa zima likiimba "ba, be, bi, bo, bu"? Katakana ni wimbo ule uliogeuzwa kuwa alama. Haina herufi ya "b" peke yake wala ya "k" peke yake. Kila alama ni silabi kamili. Irabu ni tano, zile zile zetu, na sauti zake hazibadiliki kutoka neno hadi neno. Tofauti ni mpangilio tu: wao huanza a, i, u, e, o, mpangilio uliotokana na elimu ya sauti ya Kisanskriti iliyofika huko pamoja na dini ya Budha. Kwa hiyo ア イ ウ エ オ, kisha カ キ ク ケ コ, yaani ka, ki, ku, ke, ko, kisha safu ya sa, ya ta, ya na, ya ha, ya ma, ya ya, ya ra na ya wa. Jumla alama 46 za msingi.

Safu chache zina makengeza. Penye "si" Wajapani husema シ, "shi". Penye "ti" husema チ, "chi". Penye "tu" husema ツ, na hapa ulimi unaanza kama unataka kusema Tsavo. Penye "hu" ni フ, ambayo huandikwa "fu", ila ni fu nyepesi, ya kupuliza chai. Ukitaka sauti nzito huhitaji alama mpya: tia nukta mbili kwenye kona ya juu na カ inakuwa ガ, "ga", サ inakuwa ザ, "za", タ inakuwa ダ, "da", ハ inakuwa バ, "ba". Ukiweka kiduara badala ya nukta, ハ inakuwa パ, "pa". Basi.

Kuna alama moja isiyo na irabu, ン, na kwetu haihitaji maelezo marefu. Mwingereza hupata taabu kuelewa kwamba "n" inaweza kusimama peke yake na kupewa pigo lake kamili. Sisi tunasema nchi, nne, nta. Tunasema mtu, na ile "m" tunaipa nafasi yake bila kufikiri. ン ni hiyo. タンザニア ina mapigo matano: ta, n, za, ni, a. Wajapani wenyewe hawana neno la kawaida linaloanza na sauti hiyo, na wana mchezo wa watoto uitwao shiritori ambamo kila mmoja hutaja neno linaloanza na silabi ya mwisho ya neno lililotangulia; ukitaja neno linaloishia na "n", umeshindwa, kwa kuwa hakuna wa kuendelea. Hakuna, mpaka mjanja mmoja aliyesoma jiografia atakapoitoa ンゴロンゴロ. Ngorongoro yetu ni miongoni mwa maneno machache yanayowaokoa.

Herufi ndogo ndizo zinazofuata. ャ, ュ na ョ zikiandikwa kwa umbo dogo hujibana na alama iliyotangulia kuwa silabi moja: ニ na ャ huwa ニャ, "nya", na ジ na ャ huwa ジャ, "ja". Hapo unaweza kusoma pakiti ya kahawa ya Tanzania kwenye duka la Tokyo: キリマンジャロ, ki-ri-ma-n-ja-ro. Kwa mtindo huo huo フ ikifuatwa na ァ ndogo hutoa "fa", na ndivyo neno letu linavyoandikwa Japani, サファリ, kwenye mabango ya hifadhi za kutazama wanyama kutoka ndani ya gari.

Lakini kusoma sauti si kuelewa neno, na hili ndilo fundo lenyewe. Wanafunzi wengi duniani huzimaliza alama 46 kwa wiki mbili tatu kisha wanagonga ukuta: wamesoma "aisukuriimu" sawasawa na hawajui ni nini. Neno la Kiingereza limevalishwa irabu mpaka mwenyewe halitambui. Wewe je? アイスクリーム. Lisome tena polepole. Aisikrimu.

Hakuna uchawi hapo. Kijapani na Kiswahili vina tabia moja: neno halipendi kuishia kwenye konsonanti. Likija la kigeni limekatika mwishoni, tunalitilia irabu lipate pa kukaa. Tofauti ni irabu ipi. Kiswahili hupenda "i", isipokuwa midomo ikifungwa kwa b, p au m, hapo huteleza kwenda "u": ndiyo maana tuna basi, hoteli na benki, lakini timu, bomu, fomu na kilabu. Kijapani hupenda "u" karibu kila mahali, hugeukia "o" baada ya t na d, na hutumia "i" baada ya ch na j. Kwa hiyo basi letu kwao ni バス, basu. Hoteli ni ホテル, hoteru. Koti ni コート, kooto. Kadi, kama tulivyomsikia mama wa kwenye dashibodi, ni カード. Timu ni チーム, chiimu, na hapo kwenye m tunakutana kabisa. Keki ni ケーキ, keeki, nao wamelitia "i" kama sisi. Ingia gereji na utajiona nyumbani: breki ni ブレーキ, bureeki, injini ni エンジン, enjin, betri ni バッテリー, batterii, gia ni ギア. Ukikutana na neno la katakana usilolielewa, usilikimbilie Kiingereza. Kwanza jiulize fundi wa mtaani kwenu angelitamkaje.

Kuna undugu wa zamani zaidi ya huo. Wareno walioingia pwani yetu mwishoni mwa karne ya 15 na kuanza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593 ni hao hao ambao watu wao walifika kisiwa cha Tanegashima, kusini mwa Japani, mwaka 1543. Waliondoka kote kuwili wakiacha maneno. Sisi walituachia meza, leso na bendera. Wajapani waliwaachia パン, pan, ambao ni mkate, na ボタン, botan, kifungo cha nguo. Na kuna neno moja walilolimwaga pande zote mbili za bahari: sisi tunacheza karata, wao wana カルタ, karuta. Wajerumani nao walituachia shule. Japani walikopesha アルバイト, arubaito, neno la kazi kwa Kijerumani, ambalo kule limekuwa kibarua cha mwanafunzi cha saa chache kwa wiki. Biiru, ビール, ni bia, nao waliipata kwa Waholanzi.

Usijiamini kupita kiasi, hata hivyo, maana neno likihama hubadili tabia. コンセント, konsento, si ridhaa ya mtu bali soketi ya umeme ukutani. マンション, manshon, si jumba la kifahari. Ni fleti ya kawaida kwenye ghorofa. Sisi tuliozoea kuita mzunguko wa barabara "kiplefti", kwa sababu tu kibao kilichokuwa pale kiliwaambia madereva wakae kushoto, hatuna haki ya kuwacheka. Wajapani pia hukata maneno marefu bila huruma. パソコン, pasokon, ni "personal computer", kompyuta ya mtu binafsi, iliyokatwa mikia ya maneno yote mawili, na コンビニ, konbini, ni duka dogo linalouza kila kitu usiku na mchana.

Na hawana "l". Kila l ya kigeni inageuka kuwa r ya kugusa ulimi mara moja tu. Kwa hiyo mtu anayeitwa Lulu atakuwa ルル, ruru, na hakuna la kufanya. Wale ndugu zetu wanaotaniwa kwa kwenda "kura chakula" au "kupiga kula" wangeishi Japani kwa amani kabisa.

Sasa shida za kweli. Ya kwanza inajulikana na kila aliyewahi kushika kitabu cha katakana: シ, ツ, ソ, ン. Shi, tsu, so, n. Ukizitazama haraka ni nyuso nne za mtu mmoja, na katika mwandiko mbaya hata Mjapani hukisia kwa maana ya sentensi. Vitabu hutoa picha za kuchekesha za kukumbukia, nyingi zikitegemea maneno ya Kiingereza, nami sikuona zikinisaidia. Kilichonisaidia ni kuangalia kalamu inaelekea wapi. Katika シ na ン, mstari mrefu huanzia chini na kupanda juu, na vijistari vifupi vimejipanga ukutani, upande wa kushoto. Katika ツ na ソ, mstari mrefu huanzia juu na kushuka, na vijistari vimening'inia darini. Kwa hiyo mbili zinapanda kama moshi, mbili zinashuka kama mvua. Mo-shi: ile "shi" ni ya kupanda. Yenye vijistari viwili ni シ, yenye kimoja ni ン. Upande wa mvua, yenye viwili ni ツ, yenye kimoja ni ソ. Ziandike kwa mkono mara hamsini, kwa mwelekeo sahihi, na jicho litaanza kuuona mwelekeo hata kwenye chapa. Ukijifunza kwa kutazama simu tu bila kushika kalamu, zitakuchanganya mwaka mzima.

Zipo nyingine za kuchanganya, ila si za kuumiza kichwa. フ ni mtupu, ワ ina mguu kushoto, ウ ina mguu na kishungi kichwani: fu, wa, u. ク ina tumbo tupu na タ imemeza kijiti. コ imefunguka kushoto, ユ mstari wake wa chini umepitiliza. Na baadhi ya alama zina pacha kwenye kanji: ロ, "ro", inafanana na 口, mdomo, カ, "ka", na 力, nguvu. Majirani zake katika neno watakuambia ni ipi.

Shida ya pili haizungumzwi sana kwa sababu Waingereza si wao inaowakaba, ni sisi. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo. Tunasema Toyóta bila kujijua. Kijapani hakina desturi hiyo: kila pigo lina urefu sawa na lenzake, na ukitaka kurefusha lazima uandike. Alama ya kurefusha ni ー, mstari mlalo tu, na ni pigo zima. ビル, biru, ni jengo. ビール, biiru, ni bia. Ukimuuliza mtu njia ukavuta pale usipotakiwa kuvuta, atakuelekeza baa. Vivyo hivyo ッ ndogo: haitamkwi "tsu", bali ni pigo la kimya, pumzi inayozuiliwa kabla ya konsonanti inayofuata. Jina Hassan, kwa wanaolitamka kama Waarabu, lina pigo hilo, na linaandikwa ハッサン. Magari yatakufundisha haya vizuri kuliko mimi. Probox ni プロボックス, pu-ro-bo, kimya, ku-su. Vitz ni ヴィッツ, na humo mna ッ ndogo isiyosemwa ikifuatwa na ツ kubwa inayosemwa. Noah ni ノア, zawadi ya siku ya kwanza. Na Haisi ni ハイエース, ha-i-e-e-su, mapigo matano tuliyoyakunja kuwa mawili matatu.

Hata majina ya kampuni yana siri zake humo. Familia iliyoanzisha Toyota inaitwa Toyoda. Miaka ya 1930 jina la magari likabadilishwa, na moja ya sababu ni kwamba トヨタ huandikwa kwa mistari minane, namba ya bahati, wakati ile "da" ingeongeza nukta mbili. Mazda nayo kwa katakana ni マツダ, Matsuda, jina la ukoo wa familia ya mwasisi wake. Isuzu usihangaike nayo, wao wameamua kuandika kwa hiragana.

Tahadhari moja kabla hujaanza kusoma magari barabarani. Kwenye ubavu wa kulia wa lori au basi dogo, Wajapani wengine huandika jina kuanzia mbele ya gari kwenda nyuma, kwa hiyo linasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ukiona neno halileti maana, ligeuze. Waliosoma madrasa hawatashangaa.

Anza na jina lako, kwa sababu ukifungua akaunti ya benki Japani utaombwa uliandike hivyo. Baraka ni バラカ, Rehema ni レヘマ, wala hakuna kilichopotea. Zawadi linadai ujanja kidogo: hakuna "di" kwenye jedwali, kwa hiyo wanachukua デ, "de", na kuibandikia ィ ndogo, ザワディ. Mwajuma atapewa pigo la ziada, ムワジュマ, mu-wa-ju-ma. Kisha funika jedwali na usome haya: ケニア, ウガンダ, モンバサ, ナイロビ, ザンジバル, モシ. La mwisho ni ダルエスサラーム. Lina mapigo manane, na moja kati yake ni mstari mlalo.